Wanaosubu Risasi Nyumbani na Vumbi Wanaloingia Nalo Ndani

Julai 9, 1776, baada ya Tamko la Uhuru wa Marekani kusomwa mbele ya wanajeshi mjini New York, umati uliteremka hadi uwanja wa Bowling Green ukaiangusha sanamu ya Mfalme George III wa Uingereza. Mfalme alikuwa juu ya farasi, na wote wawili walikuwa wa madini ya risasi yaliyopakwa dhahabu. Sanamu ikakatwakatwa, na sehemu kubwa ya vipande ikasafirishwa hadi Litchfield, Connecticut, nyumbani kwa Oliver Wolcott, mmoja wa waliotia saini Tamko hilo. Huko wanawake na watoto walimyeyusha mfalme, wakamsubu upya. Hesabu yao imehifadhiwa hadi leo: risasi za bunduki 42,088. Ruth Marvin peke yake alitoa 11,592. Mary Ann, binti wa Wolcott, alitoa 10,790. Mdogo wake Frederick, mtoto wa miaka 8 au 9, alitoa 936.

Wamarekani hukisimulia kisa hiki kwa kicheko, na kweli kinachekesha: mfalme kurudishwa kwa askari wake kupitia mtutu wa bunduki. Mimi jicho langu hukwama kwenye zile 936. Ni mtoto yule, kalibu mkononi, anafungua, anadondosha, anafunga, anamiminiwa tena, siku nzima kando ya chungu cha risasi inayochemka. Hakuna aliyeandika kama aliungua. Na kipimo cha kujua kilichoingia kwenye damu yake hakikuwapo duniani.

Kazi hiyo haijafa. Sheria ya serikali kuu ya Marekani haimdai leseni mtu anayejitengenezea risasi za matumizi yake mwenyewe, na wapo wawindaji na walenga shabaha wengi wanaozisubu nyumbani hadi leo. Sababu zao zinaeleweka. Risasi za dukani ni ghali, bunduki za kale hazipati saizi yake kwa urahisi, na ipo raha ya kutumia kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako. Vifaa haviwapi shida. Lyman, kampuni ya Connecticut iliyoanza mwaka 1878, bado inauza kalibu. Tanuri la umeme la kuwekwa mezani, lisilozidi birika la chai ya wageni kwa ukubwa, hubeba kilo 9 hivi za risasi iliyoyeyuka. Fundi huliweka gerejini, hufungua dirisha, huvaa miwani ya kinga na glavu za ngozi, kisha huanza kumimina vichwa vya risasi kimoja baada ya kingine.

Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi, kiwango cha chini sana ukilinganisha na metali nyingi. Jiko la mkaa lililopulizwa vizuri linatosha. Wepesi huo ndio uliowafanya watu wa kila zama waione kazi hii kuwa ya nyumbani, na ndio chanzo cha ajali zake.

Ajali inayoogopwa kuliko zote huletwa na maji. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Tone likidondoka juu ya uso wa risasi iliyoyeyuka, mara nyingi hurukaruka, hulia kidogo, likapotea. Risasi ina uzito mara 11 wa maji, kwa hiyo tone halizami. Hapo ndipo wageni wa kazi wanapodanganyika. Wakiona tone la jasho limeanguka chunguni na hakuna kilichotokea, huanza kudhani wazee waliowaonya walikuwa wanatia chumvi. Siku inayofuata wanachovya mkuo wenye unyevu ndani ya chungu, maji yanashuka pamoja nao hadi chini, na mvuke unazaliwa mahali pasipo na mlango. Unaopaa hapo si mvuke peke yake. Hupaa na chungu kizima.

Wanaojua hali hiyo wameipa jina la utani. Husema wametembelewa na kichimbakazi wa mapambo ya Krismasi, kwa sababu baada ya mlipuko risasi huning'inia darini na kutani kama zile nyuzi za fedha zinazopambiwa mti wa sikukuu. Ni mzaha wa watu waliotoka salama. Aliyepigwa usoni bila miwani hana hamu ya mzaha, maana risasi iliyoyeyuka haitiririki ikaondoka kama maji ya moto. Hugandia pale ilipotua, ikaendelea kuunguza huku ikipoa. Kiatu cha wazi huipokea kati ya vidole. Glavu yenye mkono mpana huipokea ndani na kuifungia humo, na ndiyo maana mafundi wazoefu hulaza mkono wa shati juu ya glavu, wala hawauchomeki ndani yake.

Unyevu wenyewe huja kwa njia nyingi ambazo mtu hazifikirii. Mkuo uliolala kwenye gereji ya baridi huota umande ukiletwa penye joto. Kijiko kilichoachwa nje usiku hufanya vivyo hivyo. Bomba la risasi la kale, lililopondwa ncha zote mbili, linaweza kuwa limehifadhi maji ndani kwa miaka. Kopo la soda likisahauliwa kando ya tanuri linasubiri kiwiko tu. Dawa yake ni ya kizamani na inafanya kazi: vipande vyote huwekwa kwenye chungu kikiwa bado baridi, vikapashwa pamoja polepole, unyevu ukatoka kabla ya chochote kuyeyuka. Cha kuongezwa baadaye huwekwa kwanza ukingoni mwa tanuri hadi kikauke. Tatizo ni haraka. Fundi aliyezoea huona chungu kimepungua, kalibu bado ina joto zuri, na mkuo uko karibu na mkono.

Kuna mazoea mengine ninayoyaona kuwa ni kujitafutia balaa. Baadhi yao, wakitaka vichwa viwe vigumu, huvidondosha vikiwa vya moto moja kwa moja kutoka kwenye kalibu hadi kwenye ndoo ya maji. Kisayansi wana hoja, kwani risasi iliyochanganywa na antimoni na aseniki kidogo hukazika ikipozwa ghafla. Lakini kila kichwa kinachoingia majini hurusha matone, na ndoo huwekwa karibu na fundi, na fundi amekaa karibu na chungu. Ukitaka ndoo, iweke chini na mbali, kisha uifunike kitambaa chenye tundu dogo.

Risasi inayodondokea majini tone kwa tone haina ugomvi mkubwa na mtu. William Watts, fundi wa mabomba wa Bristol, Uingereza, alijijengea maisha juu ya jambo hilo. Mwaka 1782 alipata hataza ya kutengeneza vidonge vya risasi za kuwindia ndege kwa kuimimina risasi iliyoyeyuka kupitia chujio lililo juu sana, ijiviringe yenyewe ikiwa hewani, kisha itue ndani ya maji. Ili apate urefu, alitoboa sakafu za nyumba yake mwenyewe na kuinua mnara juu ya paa. Majirani zake sijui walilala vipi. Mnara huo ulidumu hadi mwaka 1968, ulipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara.

Baada ya maji, adui wa pili amefichwa ndani ya vyuma chakavu. Wachache hununua risasi safi, wengi huokota. Huchimba kwenye vifusi vya viwanja vya shabaha, huomba vile vipande vidogo vya kubalansia magurudumu kwa mafundi wa matairi, hununua mabomba ya kale na uzito wa kupigia mbizi. Kwenye vifusi vya uwanja wa shabaha hupatikana risasi nzima, yenye baruti na fataki yake, iliyomponyoka mtu mkononi na kufukiwa. Ikifika kwenye chungu haiendi mbali kama iliyotoka kwenye mtutu, ila hupasuka na kumwaga risasi ya moto kila upande. Aliyeitia kwa koleo pamoja na takataka nyingine hata hajui ameitia.

Vipande vya magurudumu vina hadithi yao. Majimbo kadhaa ya Marekani, California na Washington yakiwamo, yamepiga marufuku vile vya risasi, na mahali pake vimekuja vya chuma na zinki. Kwa macho vinafanana. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, hivyo anayepandisha moto bila kipimajoto huyeyusha vyote na kuharibu chungu kizima, maana risasi yenye zinki haijazi kalibu vizuri. Hiyo ni hasara tu. Hatari halisi imo kwenye betri za magari. Sahani zake zina tindikali, zina antimoni au kalsiamu, na baadhi zina aseniki. Taka zinazobaki baada ya kuziyeyusha, zikipata unyevu, zinaweza kutoa gesi zenye sumu kali, zinazoua. Wasubu risasi wa Marekani wanaozingatia usalama wameshafunga mjadala huo: betri haiyeyushwi nyumbani. Hurudishwa dukani, nao wakalipwa.

Mtu akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 ndiyo huduma ya kwanza, kisha hospitali. Risasi iliyogandia kwenye ngozi haibanduliwi kwa kucha. Dawa ya meno, unga, asali na mafuta ya kupikia havina kazi hapo, ingawa najua katika nyumba nyingi za kwetu ndivyo vinavyokimbiliwa kwanza. Jicho ni la daktari moja kwa moja.

Hadi hapa nimesimulia ajali zenye kelele. Watu hukumbuka siku ya mlipuko, huonyesha makovu, huonyana. Kwa maoni yangu hizo si ajali kubwa za kazi hii. Ajali kubwa haimuumizi mtu siku inayotokea, na aghalabu haimpati aliyesubu.

Imani iliyoenea ni kwamba sumu iko kwenye moshi. Kwa hiyo fundi hufungua dirisha, hukaa upande unaotoka upepo, akajiona amemaliza. Dirisha ni muhimu, sikatai. Lakini risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749, mbali kabisa na joto la tanuri lake, na mvuke unaotoka kwenye nyuzi 350 au 400 ni mdogo sana. Kinachomwingia ni vumbi. Juu ya risasi iliyoyeyuka hukusanyika utando wa kijivu, takataka ambazo fundi huzikwangua kwa kijiko na kuzitupa kwenye kopo. Zikipoa huwa unga laini kabisa. Akilisukuma kopo kidogo, unga huo huinuka. Hutua mezani, kwenye nywele, kwenye shati, kwenye simu yake. Halafu anawasha sigara kwa vidole vilevile, au anakula andazi.

Walenga shabaha wana chanzo kingine wasichokihesabu. Fataki za risasi nyingi zina kemikali ya madini hayohayo, kwa hiyo maganda yaliyokwisha kupigwa hubaki na masizi yenye sumu ndani. Mtu huyatia kwenye mashine inayotikisika pamoja na makapi makavu ili yang'ae, kisha huyapepeta gerejini kwa mikono. Kwa mtu wa namna hiyo upepetaji unaweza kuwa mbaya kuliko kusubu kwenyewe, na wala haufanani na kitu cha hatari: hakuna moto wala harufu.

Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa msemo huo unasimama bila mapambo. Vumbi huingia sebuleni na shati, likakaa kwenye kochi, likaanguka kwenye zulia ambako mtoto anatambaa na kulamba vidole. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichomeza. Mwaka 2021 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilishusha kiwango cha damu ya mtoto kinachopaswa kuwashtua wazazi na madaktari hadi mikrogramu 3.5 kwa desilita, na bado inasisitiza kuwa hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwili wa mtu huichukua risasi kana kwamba ni kalsiamu, ukaihifadhi kwenye mifupa kwa miongo. Mwanamke akipata mimba, mifupa ikaanza kumgawia mtoto kalsiamu, humgawia na risasi.

Dalili zake hazina haraka. Tumbo kukata, choo kigumu, kichwa kuuma, hasira zisizo na sababu, usingizi mbovu. Nani asiyekuwa na hayo? Benjamin Franklin, aliyeanza maisha kama mchapaji, aliandika barua mwaka 1786 akieleza jinsi wachapaji na mafundi wengine walioshika risasi walivyopata maumivu ya tumbo na mikono iliyolegea. Alilalamika humo kwamba ukweli wenye manufaa unaweza kujulikana kwa muda mrefu kabla ya kukubaliwa. Kwa mtoto, hata dalili hizo zinaweza zisionekane. Anachelewa kusoma, hatulii darasani, na mwalimu anasema ni mtundu. Dawa za kuondoa risasi mwilini zipo na huokoa maisha ya walio na kiwango kikubwa, lakini hazirudishi akili iliyokwisha kuharibiwa.

Kiwandani, huko Marekani, mfanyakazi wa risasi ana sheria inayomtaka mwajiri apime hewa, apime damu yake, ampe bafu na nguo za kazi zisizokwenda nyumbani. Gerejini mwenye kazi ndiye mkaguzi. Na mkaguzi huyo ana njaa, amechoka, na jioni imeingia.

Ujerumani ilikuwa na desturi ya mkesha wa mwaka mpya ya kuyeyusha kipande cha risasi juu ya mshumaa na kukimwaga majini, halafu familia nzima, watoto wakiwamo, wakabashiri ya mwaka ujao kwa kuangalia umbo lililojitokeza. Tangu mwaka 2018 kanuni za Umoja wa Ulaya haziruhusu kuwauzia watu vifaa hivyo vikiwa na risasi zaidi ya asilimia 0.3. Watu wakahamia kwenye bati na nta. Bahati zao sijasikia kama zimepungua.

Kwetu, kutengeneza risasi za bunduki bila leseni ni kosa la jinai, iwe Kenya au Tanzania, kwa hiyo hobi hii si yetu. Lakini kuyeyusha risasi ni kwetu. Katika madiko ya pwani wapo wavuvi wanaojisubia chubwi za nyavu na mishipi, kwa kopo la rangi juu ya mafiga na kalibu ya mchanga au ya udongo. Mchanga wa ufukweni una maji, na aliyewahi kuona risasi ikitemwa na kalibu mbichi hahitaji somo langu kuhusu mvuke. Risasi yenyewe mara nyingi hutoka kwenye betri iliyokufa, ile ile ambayo Mmarekani mwenye tahadhari hataki kuigusa.

Madhara ya betri tumeyaona kwa ukubwa wa kutisha. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Mama zao walikuwa wakichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri ili wauze risasi, kwa kuwa bei ilikuwa imepanda. Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014 kilipakana na makazi ya Owino Uhuru. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, aligundua kuwa mtoto wake mchanga ana risasi kwenye damu, akaanza kudai haki ya mtaa mzima. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda, fidia ikatenguliwa kwenye rufaa, hadi Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoirejesha Desemba 2024.

Kiwanda angalau unaweza kukishtaki. Baba anayesubu chubwi kwenye ua wake hana wa kumshtaki, na mara nyingi hana hata wa kumwambia.

Basi, msomaji, ikiwa kwako au kwa jirani yako risasi inayeyushwa, ihamisheni kazi hiyo mbali na nyumba, mbali na kisima na mahali wanapochezea watoto, na betri ziacheni kabisa. Sufuria iliyowahi kuyeyusha risasi isirudi jikoni, hata ikisuguliwa vipi. Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kikavu. Mikono na uso vioshwe kwa sabuni kabla ya sigara na kabla ya kubeba mtoto. Na kama yupo mtoto aliyekuwa karibu na kazi hiyo, mpelekeni hospitali, mmwambie daktari waziwazi kwamba nyumbani huyeyushwa risasi, mkaomba apimwe damu. Asipoambiwa, hana sababu ya kuitafuta.